Singh ni simba wa 1699, si wa Alexander

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na naomba msinikatie sana maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya wasapu, mimi nimetumiwa na watu watatu tofauti, inasema eti Makalasinga ni wajukuu wa Alexander Mkuu, yule mfalme wa Wagiriki, kwamba askari wake walibaki Punjab wakaoa huko wakazaa, na ushahidi wote uko kwenye majina. Eti neno Sikh, jina ambalo Makalasinga wenyewe wanajiita, limetoka kwa Sikandar, ambalo ndilo jina la Alexander kwa watu wa kule. Eti majina kama Joginder na Surinder na Rajinder, ile "inder" ya mwisho ni "ander" ya Alexander. Eti Singh maana yake simba kwa sababu Alexander alikuwa anavaa ngozi ya simba kichwani. Ile meseji imepangwa vizuri, ina picha ya sarafu ya fedha na picha ya mzee mwenye kilemba zimewekwa bega kwa bega, ukiipitia haraka unaona ni kweli kabisa. Na juzi nimekaa barazani nikamsikia mtu mzima, mwalimu, anaisimulia kwa vijana kama historia.

Mimi nimefanya kazi miaka 11 kwenye gereji ya Kalasinga hapa Changamwe. Nimekula kwao, nimealikwa harusi zao, na haya mambo ya majina nimeyauliza sana na nimeyasoma sana kwa sababu nayapenda. Ndio maana naandika.

Nianze na lile lililo kweli. Alexander alifika Punjab, hilo halina ubishi. Mwaka 326 K.K. alivuka na jeshi lake usiku, mvua inanyesha, mto unaoitwa leo Jhelum, akapigana na mfalme wa pale ambaye Wagiriki wanamwita Porus, mtu mrefu aliyekuwa amepanda tembo. Porus akashindwa, akashikwa ana majeraha, akaulizwa unataka tukutendee vipi, akajibu nitendeeni kifalme. Alexander akamrudishia nchi yake akamwongezea na nyingine. Hapo hapo ndipo farasi wake Bucephalus alipofia, na akajenga mji akaupa jina la huyo farasi. Halafu wakaenda mbele mpaka mto Beas, na pale Beas askari wakagoma, walikuwa wameshachoka, wametembea miaka minane toka kwao, mvua za masika ya Uhindi zimewaozesha nguo, wanasikia habari ya majeshi ya tembo huko mbele, wakasema hatuendi. Alexander akajifungia hemani akitumaini watabadilisha mawazo, hawakubadilisha. Akajenga madhabahu 12 kama alama ya mwisho wa safari, akageuza. Mwaka 323 K.K. akafia Babeli, hajafikisha hata miaka 33.

Sasa huo mto Beas, Mhariri, ndio huo huo ambao kando yake uko mji wa Goindwal, ambapo Guru Amar Das, wa tatu katika wale Maguru kumi wa Kalasinga, alijenga kisima cha ngazi 84, na watu wanashuka ngazi hizo mpaka leo wakiomba. Mto ni mmoja, ardhi ni moja. Hapo ndipo watu wanapoteleza, wanaona kwa kuwa mahali ni pamoja basi na watu ni wale wale. Lakini Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yenyewe, kazaliwa 1469. Kutoka Alexander kugeuza farasi pale Beas mpaka Nanak kuzaliwa ni karibu miaka 1,800. Katikati hapo wamepita Wamaurya, wamepita wafalme wengine wa Kigiriki, Wakushani, Wahuni, Waturuki, masultani wa Delhi, dunia imepinduka mara ngapi.

Twende kwenye neno lenyewe, Sikh. Halina uhusiano na Sikandar hata chembe. Ni neno la Kipunjabi, maana yake mwanafunzi, mtu anayejifunza, na asili yake ni neno la Kisanskriti la mwanafunzi wa mwalimu. Mimi hili sikulipata kitabuni. Mzee wangu pale gereji, siku za mwanzo mwanzo mimi sijui hata kushika spana vizuri, alikuwa akifungua gia boksi ananivuta shati karibu, anaweka kidole changu kwenye ile meno iliyolika nisikie mwenyewe ilivyo, halafu anasema "sikh lai, puttar". Jifunze, mwanangu. Kila siku sikh lai, sikh lai. Mwaka mzima nilikuwa nadhani ananitajia dini yake. Nilipomuuliza akaniambia ni neno moja tu hilo hilo, sisi ni watu wa kujifunza, Guru ndiye mwalimu. Basi huyo Alexander anaingilia wapi?

Halafu hebu tulitazame hili jina Sikandar limekujaje, maana hapa pana utamu na sisi Waswahili ndio tunaoweza kulielewa kuliko watu wengi. Mgiriki alisema Aleksandros, maana yake mlinzi wa watu. Mwarabu alipolisikia akaona ile "Al" ya mwanzo ni ile "al" yake, ya Al-Amin na Al-Kaaba, kwa hiyo jina lenyewe akaliona ni Iskandar na ule mji wa Misri ukawa Al-Iskandariya, ambao sisi tunauita Iskandaria. Mwajemi akasema Iskandar au Sikandar, Mhindi akapokea kwa Mwajemi. Sasa si ndivyo tunavyofanya sisi? Mwarabu alituletea kitabu, kwake ile "ki" ni mwili wa neno, sisi tukaona hiyo ni "ki" ya kisu na kiti, tukasema vitabu. Mzungu akatuletea jina la lile bati linalozuia matope juu ya tairi, tukalisikia linaanza na "ma" tukajua ni wingi, madigadi, basi likiwa moja ni digadi. Mimi nimefunga madigadi mengi sana maishani na sijawahi kumsikia fundi akisema tofauti. Sikio la mtu linasikia lugha yake kwanza.

Na ushahidi kwamba Sikandar lilikuja baadaye upo, umechongwa kwenye mawe. Mfalme Ashoka, huyu alitawala Uhindi karne ya tatu K.K., alichonga maandishi kwenye miamba, na katika andiko la 13 anataja wafalme watano wa Kigiriki wa wakati wake, mmoja wao naye alikuwa anaitwa Alexander, mwingine si yule mkuu. Jina limeandikwa Alikasudara. Wahindi wa wakati ule ule, na bado Wagiriki wakiwa majirani zao mlangoni, walisema Alikasudara. "Al" iko pale pale haijakatwa na mtu. Sikandar limeingia Uhindi karne nyingi baada ya hapo na lugha ya Kiajemi na Uislamu, na mashairi yale marefu ya Iskandar. Guru Nanak alipokuwa kijana, sultani wa Delhi aliitwa Sikandar Lodi, alitawala 1489 mpaka 1517, na hilo lilikuwa jina lake la ufalme, jina la nyumbani ni Nizam Khan. Kwa hiyo Punjab ya Nanak ilimjua Sikandar, sawa, lakini ilimjua kama sisi pwani tulivyomjua, kwa njia ya hadithi na ya msikiti, maana na hapa kwetu wako masheikh wengi wanaosema Dhul-Qarnain wa Suratul Kahf ndiye Iskandar na wako wanaokataa.

Sasa tuje kwenye hii "inder", ambayo naona ndiyo inawapoteza wengi kwa sababu kweli masikioni inafanana. Wakenya wa rika langu na walionitangulia wote tunamjua Joginder Singh, yule dereva wa Safari Rally, aliyeshinda 1965 akiwa na kaka yake kwenye Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, watu wakamwita Simba. Joginder ni maneno mawili, yogi, na Indra. Indra ni yule mungu wa radi na mvua wa Wahindi wa kale, na kwenye majina maana yake imekuwa bwana, mkuu. Surinder ni mkuu wa miungu, Rajinder ni mkuu wa wafalme. Huyo Indra anaimbwa kwenye Rigveda, mashairi ambayo yalikuwa yameshatungwa na kukaririwa na watu mamia ya miaka kabla babu yake Alexander hajazaliwa. Mtoto hawezi kumzaa babu.

Lakini sitaki kuwa mtu wa kukataa tu, kwa sababu kuna jambo la kweli limejificha hapo, na ni zuri kuliko hiyo meseji. Karibu miaka 170 baada ya Alexander, kulikuwa na mfalme wa Kigiriki kule kule Punjab aliyeitwa Menandros, mji wake mkuu Sagala, wengi wanasema ndiyo Sialkot ya leo. Huyu hakupita tu kama Alexander, huyu alikaa. Sarafu zake zina maandishi ya Kigiriki upande mmoja na upande wa pili maandishi ya Kharoshthi, ya wenyeji. Upande wa Kigiriki kaandikwa Menandros, upande wa wenyeji kaandikwa Menamdra. Na Mabudha walipoandika kitabu cha maswali aliyomuuliza mtawa wao Nagasena wakamwita Milinda. Tazama basi jinsi "andros" ya Mgiriki ilivyoingia kwenye sikio la Mhindi ikageuka ikafanana na Indra! Kwa hiyo safari ilikuwa ni kinyume cha meseji. Si Wahindi waliochukua "ander" ya Mgiriki wakaifanya majina yao, ni Wahindi waliolichukua jina la Mgiriki wakalivisha nguo ambayo wao walikuwa nayo kabatini siku nyingi. Na Wagiriki nao walifanya vile vile, mfalme Chandragupta walimwandika Sandrokottos, na ilichukua mpaka 1793 ndipo William Jones, yule jaji wa Kiingereza kule Calcutta, akatangaza kwamba Sandrokottos wa vitabu vya Kigiriki ni Chandragupta wa vitabu vya Wahindi.

Huko ndiko Mgiriki aliko Punjab, kwenye sarafu. Kule Manikyala, mwaka 1830, Jenerali Ventura, Mtaliano aliyekuwa anatumikia jeshi la Maharaja Ranjit Singh wa Lahore, alichimba ndani ya mnara wa Kibudha akatoa sarafu za zamani. Yaani Singh mwenye nguvu kuliko wote aliyewahi kutawala Punjab, na chini ya ardhi yake wanachimbua sarafu zenye herufi za Kigiriki ambazo hakuna mtu kati ya raia wake aliyekuwa anaweza kuzisoma. Kama ingekuwa jina lao limetoka huko si wangekuwa wanajua?

Na sisi wenyewe tuangalie tulivyofanya na jina la hawa watu. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa 1896, wakaletwa vibarua na mafundi karibu 32,000 kutoka Uhindi, wengi wao Punjab, mpaka ikafika Kisumu 1901, na wengine wakabaki. Wazee wanasimulia kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mwanzo aliyeitwa Kala Singh, alikuwa anafika kwa Wamasai kuuza na kununua, basi kila aliyekuja na kilemba baada yake akawa Kalasinga. Jina la mtu mmoja likawa jina la taifa. Na "kala" kwa Kipunjabi ni mweusi, kwa hiyo Kalasinga ukiitafsiri neno kwa neno ni simba mweusi. Sasa tuseme miaka 2000 ijayo mtu asome Kiswahili, akute tunasema nywele za singa, zile laini zilizonyooka, akute na hawa watu hawakati nywele, wengine tunawaita Singasinga kabisa, si ataandika kwamba jina lao limetokana na nywele? Litafanana sana. Na litakuwa uongo.

Hata simba mwenyewe. Kisanskriti cha simba ni simha. Nimeshasikia mtu anaapa kwamba simba wetu ameletwa na Wahindi kwa jahazi. Wasukuma wanasema shimba, Washona kule Zimbabwe wanasema shumba, hao walifikiwa na jahazi gani? Ni neno la Kibantu toka zamani, limegongana tu na lile la Kihindi njiani.

Singh basi ni simha, na halikuanza na Alexander wala halikuanza na Kalasinga. Majemadari wa Kirajputi walikuwa wanalitumia zamani, Man Singh wa Amber, jemadari wa mfalme Akbar, alikuwa Mhindu na alikufa 1614. Na ile sarafu ya kwenye meseji, yule mwenye ngozi ya simba kichwani ni Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki ambaye nyumba ya Alexander ilijihesabu uzao wake. Kila mfalme duniani anapenda simba.

Ila kilichotokea Anandpur mwaka 1699 ndicho hasa kinachonifanya niandike barua ndefu hivi. Siku ya sikukuu ya Vaisakhi, mwezi wa nne, watu wamejaa, Guru wa kumi akatoka na upanga uchi akauliza nani atanipa kichwa chake. Kimya. Akauliza tena, kimya. Mara ya tatu akasimama mtu wa Lahore anaitwa Daya Ram, akaingizwa hemani, Guru akatoka upanga una damu, akaomba mwingine. Wakatoka watano, mmoja mmoja, kila mmoja akijua anakwenda kufa. Halafu wakatolewa wote wazima, wamevaa nguo mpya. Mmoja mkulima wa Kijat, mmoja kazi ya ukoo wao ni kuteka maji, mmoja mchapaji wa vitambaa, mmoja kinyozi. Kwa desturi za Uhindi ya wakati ule, hawa hawali sahani moja, na jina lako lenyewe linatangaza wewe ni wa tabaka gani, ukilitaja tu mtu anajua akupe kiti au akuache umesimama. Guru akakoroga maji na sukari kwenye bakuli la chuma kwa upanga wenye makali pande mbili, akawanywesha wote bakuli moja, akawaambia kuanzia leo majina ya ukoo yameisha, nyote ni Singh. Wakulima, wateka maji, vinyozi, wote wakapewa jina la majemadari. Halafu, hapa mimi kila nikisimulia nywele zinanisimama, akapiga magoti yeye mwenyewe mbele ya hao watano akaomba wamnyweshe na yeye. Aliingia akiitwa Gobind Rai, akatoka Gobind Singh.

Sasa jina lililotengenezwa namna hiyo, la kumwondoa mtu kwenye daraja alilozaliwa nalo, wewe unakuja kuniambia limetoka kwa mtu aliyekuja kuteka nchi ya watu? Hawa watu walilitengeneza wenyewe. Hamna haja ya kuwatafutia baba Ugiriki. Hii tabia tunaijua Afrika, kila kitu kizuri kikionekana lazima atafutwe mgeni aliyekileta, hata majengo ya mawe ya Gedi na Kilwa watu waliandika miaka na miaka kwamba mwenyeji hakuwa na mkono.

Na nyie wa magazeti, Mhariri, nawaomba kitu. Singh si jina la ukoo kwa maana tunayoijua. Gazeti moja, silitaji, liliandika watu wawili kuwa ndugu kwa sababu wote ni Singh, hawajuani hata kwa sura. Wanaume wote waliobatizwa kwa ile amrit, yaani yale maji ya sukari ya kwenye bakuli, ni Singh, wanawake ni Kaur, ambalo linatokana na neno la mtoto wa mfalme. Na majina yao ya kwanza hayana mume wala mke, Manjit anaweza kuwa kijana au binti, mpaka uone mwisho ni Singh au Kaur. Mke wa mzee wangu alirudishwa mara mbili kwenye ofisi moja hapa Mombasa, karani anamwambia jina lako na la mumeo hayalingani, leta hati nyingine, mama wa watu amekaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa nane, mguu umevimba. Kwa sababu tu karani hakuwahi kuambiwa na mtu, na hajawahi kusoma popote. Si gazeti ndilo lingemwambia?

Mkitaka kuandika habari ya undugu wa majina yao na sisi, ya kweli ipo, na iko karibu. Watoto wawili wa Guru Gobind Singh waliitwa Zorawar na Fateh. Fateh ni ile ile ya Kiarabu, ushindi, kufungua, sisi tunaisoma kila siku kwenye Fatiha. Wako kina Bakhtawar, na "bakht" hiyo ndiyo bahati yetu, mwenye bahati. Yule kinyozi wa Anandpur jina lake Sahib, na sisi tunasema sahibu. Hata Punjab, maji matano, ni Kiajemi. Maneno haya yamepitia mlango wa Kiajemi na Kiarabu yakafika Lahore, na yamepitia mlango huo huo yakafika Lamu. Na Sikandar naye aliingilia mlango huo, wako Makalasinga wanaoitwa Sikandar Singh leo hii, lakini wanapewa kama jina la mshindi, kama sisi tunavyomwita mtoto Simba au Sultani, hakuna anayedai damu.

Namalizia na nilichokiona. Mjukuu wa mzee wangu alipozaliwa nilialikwa kwenye hekalu lao siku ya kumpa jina. Nilivua viatu, nikafunga kitambaa kichwani, nikakaa chini kwenye zulia upande wa wanaume. Yule msomaji wao akafungua Guru Granth Sahib, kile kitabu kikubwa kinachopepewa kwa upepeo wa manyoya meupe kama mfalme, akakifungua bila kuchagua, popote palipofunguka, akaanza kusoma juu ya ukurasa wa kushoto. Herufi ya kwanza ya neno la kwanza ndiyo itakayoanza jina la mtoto. Ikaja "s". Basi pale pale familia ikaanza kunong'ona majina, Simran, Satnam, Sukhdeep, na mjomba mmoja aliyetoka Nairobi akasema kwa sauti, Sikandar! Watu wakamwangalia bibi wa mtoto. Bibi alikuwa amempakata, mtoto amelala, kangumi kake kameshika ncha ya mtandio. Akasema kwa Kipunjabi, nami nikatafsiriwa na aliyekaa karibu yangu: Sikandar alifika mtoni kwetu akarudi, huyu hajafika kurudi.

Jina alilopewa lina "s" na ni la kumkumbuka Mungu. Sitaliandika hapa maana ni la mtoto. Msomaji alilitamka mara moja, akaongeza Kaur, na watu wote wakaitikia.

Msomaji wenu,
Fundi, Changamwe, Mombasa